Sentensi Moja Kuhusu Maziwa ya Gaju

Uvira, 9 Januari 2024

Kaka Ndahiro,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua ninyi Waprotestanti wa huko juu mtaitikia kwa "Bwana asifiwe". Itikia upendavyo, mradi ujibu upesi. Barua hii anakuletea Kizito kwa pikipiki mpaka pale njia inapomshinda, kisha kwa miguu. Kama rezo ya simu ingekuwa inapanda milima hiyo ningekupigia, lakini haipandi, basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Kwanza asante. Gaju amefika Runingu na ndama wake, amechoka na njia lakini anakula. Mama yangu alipomwona ng'ombe yule anaingia uani alilia na kucheza kwa wakati mmoja. "Minye nilimulaza Mukamusoni mu nyumba yangu juu alikuwa muntu mwenye kukimbia," anasema. "Sikumulaza juu ya kutaka ngombe." Nimemwambia kwamba Mukamusoni, mama yako, halipi deni, anafunga urafiki. Msimu mzima wa mvua, fujo zilipomshusha kutoka kwenu, wale wazee wawili walilala chumba kimoja, mmoja na rozari yake, mwingine na nyimbo zake, na hakuna aliyekubali kushindwa kwa sauti. Sasa kila jioni mama anamtaja.

Mama yako aliagiza maziwa ya kwanza yawe ya Gloriose. Basi dada yangu amenyweshwa kikombe mbele ya majirani kama bibi harusi. Unajua amengoja mimba hii tangu aolewe na Jean-Berchmans, mpaka watu wakaanza kumwonea huruma kwa sauti. Mimba bado changa, lakini ameshaanza kutembea kwa maringo.

Sasa kazi. Ninakuomba usiandike hata mstari mmoja wa makala yetu. Nakujua wewe daktari wa ng'ombe, utaanza na utangulizi mrefu tangu Nuhu aliposhusha mifugo yake. Kwanza nijibu kwa sentensi moja, makala inasema nini? Tukikosa sentensi hiyo hatuna makala, tuna mafaili tu. Tukiipata, tutachora majedwali na ramani yakiwa matupu, tuone kila namba itakaa wapi, halafu ndipo tutaamua tunamwandikia nani na katika jarida gani. Fundi hapandishi ukuta kabla hajajua mlango utakuwa upande gani.

Mimi najaribu hivi: "Kijiji kinachochemsha maziwa hakiugui brusela." Niambie wewe wasemaje.

Dada yako wa labo,
Amandine Irambona


Mulenge, 23 Januari 2024

Dada Amandine,

Bwana asifiwe, na Yesu Kristu naye tumsifu, usije ukanikasirikia. Kizito amefika ameloa mpaka soksi, ila barua aliificha ndani ya kofia.

Umenionea. Utangulizi wangu una kurasa sita tu, na Nuhu hayumo. Nimeuweka chini ya godoro, nitautoa ukiniruhusu.

Sentensi yako ni tamu ila inadanganya kidogo. Anayechemsha si kijiji, ni mtu. Mimi ningesema: "Familia zilizofundishwa kuhusu brusela huchemsha maziwa, na kwa hiyo haziugui." Ugonjwa wenyewe tunaujua: ng'ombe anatupa mimba, na mtu akinywa maziwa yake mabichi anapata homa isiyosikia dawa za malaria, na mwanamke mjamzito naye yumo hatarini. Tulichobakiza ni kuonyesha kwamba mafundisho yanaokoa. Huku juu nimepima mazizi. Huko chini una Runingu, ambako hatukukuta ng'ombe mgonjwa hata mmoja. Runingu ndicho kijiji chetu cha kulinganishia, na ni kazi yako tupu, wewe uliyekwenda nyumba kwa nyumba na lile bango lako la sufuria inayofoka. Bila Runingu hatuna la kusema.

Mama anawasalimu, na ana neno moja kwa mama yako. Anasema maziwa ya ng'ombe wa urafiki hayawekwi motoni mpaka ndama wake aachishwe. Ukiyaunguza umeunguza mkono uliokupa. Ndivyo alivyoambiwa na mama yake. Nimeandika kama alivyosema, maana amekaa hapa anaitazama kalamu kana kwamba anajua kusoma. Usiwe na wasiwasi, ng'ombe wetu ni wazima, hakuna aliyetupa mimba. Zizi la nyumbani ndilo pekee sijalipima. Kuingia na sindano kwenye zizi la mama mzazi ni kama kumwomba cheti cha ndoa yake! Nitalipima mwezi ujao, kwa ajili ya kujaza jedwali tu.

Mwambie Gloriose anywe, anenepe.

Ndahiro


Uvira, 18 Februari 2024

Kaka Ndahiro,

Sentensi yako nimeikubali. Nimeibandika ukutani juu ya friji ya damu, na nimeshachora kila kitu kikiwa kitupu, kisha nikaanza kujaza namba. Jedwali la kwanza ni la mazizi, na mstari mmoja tu haujajazwa: zizi la mama yako. Jedwali la pili ni la nyumba za watu, nani anachemsha na nani hachemshi. Halafu ramani, mlima juu, tambarare chini, na Runingu nimeipaka kijani kibichi, rangi ya afya. Tazama jinsi makala inavyopendeza ikiwa bado haina maneno.

Ziwa linapanda tena. Maji yamefika kwenye ngazi ya labo na tumehamishia damu chumba cha nyuma.

Nikuchekeshe. Jumapili iliyopita nilikuwa Runingu. Mama amekamua, amemimina, anangoja tunywe. Gloriose akanivuta pembeni, mimi dada yake mkubwa: "Yaya, tuipashe moto kidogo? Weye mwenyewe ulitufundisha." Nikamtazama mama, mama anatazama kikombe. Nikamwambia, "Kunywa tu, usimuvunjie muntu heshima." Na mimi nikanywa, chini ya bango langu mwenyewe, ile sufuria inafoka juu ya kichwa changu! Nilicheka njia nzima ya kurudi mpaka dereva akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Ni mabichi kweli, lakini ni matamu. Mwambie mama yako hivyo.

Amandine


Mulenge, 17 Machi 2024

Mwenzangu Amandine,

Nimefikiri sana kuhusu mpango wetu. Naona tuondoe Runingu. Makala ni pana mno. Tubaki na mazizi ya huku juu peke yake, tuandike fupi, tumalize. Ramani unaweza kuifuta.

Matokeo ya zizi la nyumbani bado sijayapanga. Uache mstari ule wazi.

Kuhusu Gaju, pengine mngepumzika kumkamua kwa muda. Ndama anahitaji kunyonya, na tambarare ina joto. Wiki kadhaa tu.

Nasikia njia ya kushuka haina usalama siku hizi. Ningekuja mwenyewe.

Ndahiro


Uvira, 5 Aprili 2024

Ndahiro,

Leo sikuiti kaka, kwa sababu wewe umeanza na "mwenzangu", kama mtu anayenifukuza kazi.

Januari uliniandikia kwamba bila Runingu hatuna la kusema. Barua ninayo hapa. Machi unaniambia nifute ramani. Katikati kumetokea nini? Au utangulizi ule chini ya godoro umepata mwenyewe, mtu mmoja tu, Daktari Ndahiro, bila mwanamke wa labo kando yake? Runingu ndiyo sehemu yangu. Ukiiondoa umeniondoa mimi. Ungesema wazi ningekuelewa, tungegombana, tukapatana.

Na habari ya Gaju nayo, mama yangu imemchoma. "Sasa Ndahiro ameanza kujutia zawadi?" Nilimwambia hapana, ni mambo ya kidaktari. Akasema kama ni hivyo anakamua, maana Gloriose anahitaji nguvu. Ndiyo, Gloriose anaumwa. Homa inapanda jioni, asubuhi inashuka, viungo vinamuuma, usiku anatoka jasho mpaka anabadilisha nguo. Amemeza dawa za malaria mara mbili. Hataki chakula, kinachopita ni maziwa tu, basi tunampa asubuhi, mchana na jioni. Tumbo limeanza kuonekana. Mtoto anacheza, anasema.

Jibu kuhusu Runingu. Nangoja.

Amandine


Mulenge, 12 Aprili 2024

Amandine,

Acheni maziwa ya Gaju leo. Usimalize kusoma, tuma mtu kwanza, kisha urudi kwenye barua.

Mpimeni Gloriose brusela. Homa uliyoniandikia ndiyo hiyo, na wewe ungeitambua kwa mgonjwa yeyote mwingine.

Nilipokuandikia tuondoe Runingu nilikuwa nimekwishalipima zizi la mama. Watatu wana ugonjwa, na mmoja wao ndiye aliyemzaa Gaju. Nilijua, Amandine. Nilijua kabla kalamu haijagusa karatasi, na nikakuandikia habari za ndama na joto la tambarare. Nilijidanganya kwamba nitashuka mwenyewe, nimpime Gaju kimya kimya, na kama ni mzima hakuna atakayejua. Njia ikafungwa, nikakaa. Halafu zikawa zinapita siku na siku na aibu inaota mizizi.

Utaniuliza kwa nini. Nina sababu nzuri na sababu mbaya. Nzuri ni hii: wewe unajua maneno ya chuki yanayosemwa sokoni Sange, huko chini, kuhusu watu wetu wa mlimani na ng'ombe wetu. Mimi daktari wa kutoka mlimani nikiandika kwamba ugonjwa umeshuka Runingu na ng'ombe wa mlimani, mwenye panga hataniuliza ni ng'ombe yupi. Hilo ni kweli na bado naliogopa. Lakini sababu yenyewe ni ile mbaya. Sikuweza kumwambia mama kwamba shukrani yake ni ugonjwa. Nimefundisha vijiji vyote vya huku kuchemsha maziwa, na mama aliposema yasichemshwe niliandika kama karani, sikuongeza hata neno moja la kwangu.

Nimemwambia Kizito asilale njiani.

Ndahiro


Uvira, 30 Aprili 2024

Ndahiro,

Barua yako imefika Alhamisi. Maji yalikuwa yamekata barabara na Kizito alizunguka. Gloriose alikuwa ameshampoteza mtoto Jumatatu, siku tatu kabla.

Alikuwa wa kiume. Jean-Berchmans amemzika nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mama hakuniacha nione.

Nimepima. Gaju anao, na Gloriose anao. Ameanza dawa, atazimeza kwa wiki nyingi. Nilipima na damu yangu, nikiomba nami niwe nao. Sina. Tulikunywa kikombe kimoja, yeye na mimi.

Nataka kukutukana, na kila tusi ninalolitafuta linanirudia. Wewe ulinyamaza Machi. Mimi nilinyamaza Februari, na mimi aliniuliza. Aliniuliza kwa mdomo wake, chini ya bango langu, na nikamwambia asimvunjie mtu heshima. Heshima ya nani? Mama yako alikuwa mbali, juu mlimani, hata asingeona moshi wa jiko letu. Nilikuandikia ucheke, nawe bila shaka ulicheka.

Sijamwambia mtu kuhusu barua yako. Watu wanasema ni Mungu, na mimi nakaa nao nasema ndiyo, ni Mungu. Sidhani nitaweza kwa muda mrefu.

Usiniandikie kuhusu makala.

Amandine


Mulenge, 19 Mei 2024

Amandine,

Nakuandikia kuhusu makala kwa mara ya mwisho, unisamehe. Litoe jina langu. Madaftari na matokeo yote Kizito anakuletea ndani ya mfuko wa plastiki, ni mali yako. Ukitaka kuyachoma, choma. Ule utangulizi nimeuwashia moto mwenyewe, umechemsha chai ya watu wawili.

Nimemwambia mama. Nilimweleza taratibu, nikidhani hataelewa. Alielewa kabla sijamaliza. Tangu siku ile hagusi maziwa, yeye ambaye sijawahi kumwona asubuhi bila kikombe. Amekaa tu mlangoni. Jana akaniuliza kuhusu mama yako: "Nkeshimana iko ananilaani?" Alitaka kushuka kwa miguu aje apige magoti kwa mama yako, nikamzuia kwa sababu ya njia. Kisha nikajiona, kwamba ninamzuia mzee kufanya jambo ambalo mimi kijana mwenye miguu sijalifanya.

Ng'ombe wale watatu wamekwisha. Mama mwenyewe aliwatoa zizini mmoja mmoja, akiwaita kwa majina.

Gloriose sina neno la kumpelekea. Nimejaribu. Kila ninaloandika linafanana na utangulizi.

Ndahiro


Uvira, 8 Juni 2024

Kaka Ndahiro,

Tumsifu Yesu Kristu.

Nimemwambia Gloriose. Nilimpelekea yote, barua zako na maneno yangu, nikamsomea mwenyewe tukiwa jikoni, mama akiwepo. Nilipomaliza hakulia. Alikaa, akapanga mapande ya muhogo sakafuni, akayapangua. Kisha akaniuliza: "Kumbe mulijua bote wawili? Sasa mulikuwa munanyamazia nini?"

Nilimtajia sababu zetu, Ndahiro. Nilikuwa na heshima, mama yako, mama yangu, sokoni Sange, lakini nilipoyaweka mbele ya uso wake hayakusimama. Nikarudi Uvira na swali lake. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo labo, ambako maji sasa yako ndani na tunafanya kazi tumevaa buti. Sentensi yetu ilikuwa bado ukutani juu ya friji: familia zilizofundishwa huchemsha maziwa, na kwa hiyo haziugui. Nikaibandua. Mimi nimefundishwa kuliko Runingu nzima.

Basi nikafanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kuchora majedwali. Nikarudi Runingu, nyumba zile zile, bila bango. Fomu yetu ilikuwa inauliza, "Je, hapa nyumbani mnachemsha maziwa?" Wote walisema ndiyo, na ni kweli, wanachemsha. Safari hii nikauliza: "Mara ya mwisho kunywa mabichi ilikuwa kwa nani?" Wakacheka, wakainamisha vichwa, halafu wakaanza kusema. Kwa mkwe. Kwa mchungaji. Kwa shangazi aliyetoka safari. Kwa rafiki aliyekamua mbele yangu, ningemwambiaje apashe moto? Mzee mmoja akanijibu, "Mwanangu, nyumbani ninachemsha. Ugenini ninakunywa." Nyumba baada ya nyumba ni hivyo hivyo. Walijua wote, na hatukuwahi kuwauliza wanakaa na nani wanapokunywa, kwa sababu mimi na wewe nasi hatukutaka kuulizwa.

Kwa hiyo makala ipo, na si ile. Sentensi yake nimeiandika hivi: "Watu wanajua hatari ya maziwa mabichi, wanajikinga majumbani mwao, na wanaacha kujikinga mbele ya mtu wanayemheshimu." Ipime, uikosoe. Jedwali la kwanza litakuwa la nani alikuwepo mnywaji alipokunywa. Kuhusu ramani, hatutachora mshale unaoshuka kutoka mlimani, maana ugonjwa haukupita hivyo. Ulipita mikononi mwa watu wawili wenye diploma. Tutaandika kwamba waandishi wenyewe walikuwa na taarifa na hawakuzisema, mmoja mlimani, mwingine tambarare. Jarida likikataa sehemu hiyo tutatafuta lingine. Jina lako silitoi. Ukilitoa unaniachia aibu nibebe peke yangu, nami nimechoka.

Mama yako usimwache anangoja mlangoni. Mwambie Nkeshimana hamlaani. Alikasirika, ndiyo, wiki mbili hakutaka jina la Mukamusoni litajwe mbele yake. Kisha juzi akachukua kile kibuyu cha maziwa alicholetewa pamoja na Gaju, akakiosha kwa majivu na maji ya moto, akakianika, akakijaza mchele wa Sange. "Chombo ya muntu hairudi tupu," akasema. Kizito anacho. Gaju naye hayupo tena, hilo mama yako asiambiwe leo.

Na Gloriose. Barua ya pole haitaki, ya kwako wala ya kwangu. Anasema uje. Maziwa ataomba kwa jirani, atayateleka jikoni, atakuwekea kiti karibu na moto, na mtakaa hapo wewe na yeye mpaka yafoke. Hajasema atakusamehe. Mimi mwenyewe bado sijui kama amenisamehe, ananiita yaya kama zamani lakini anaangalia pembeni. Amesema uje tu, na usije na karatasi.

Njia imefunguka. Kizito anapanda Alhamisi na barua hii. Shuka naye.

Amandine